Sufuria Isiyorudi Tupu

Bi Sabiha Hamdun alisoma jina lake kwenye ukuta wa nyumba ya mzee Dhanuni, akalisoma tena, kisha akatua mizigo yake chini.

"Nimekufa lini?" akauliza. "Maana mimi sina habari."

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Binamu yangu Muthana alikuwa juu ya ngazi na tindo mkononi, anasafisha jiwe la nyumba ya pili. Mwanamke huyu tulikuwa tumemlilia sote wawili.

"Bi Sabiha," nikasema.

"Ndiye. Na aliyesema nilikuwa na mkono wa chumvi ni nani?"

Jiwe lilisema hivi: *Sabiha Hamdun. Mkali wa ulimi, mwepesi wa kutoa. Mkono wake ulikuwa wa chumvi.* Maneno hayo niliyaandika mimi, kutoka vinywani mwa majirani. Muthana aliyachonga.

"Majirani, Bi Sabiha."

"Majirani! Walikula kwangu maisha yao yote wakilamba vidole. Mtu akifa tu, chumvi inazidi."

Ndipo ndoo iliponiponyoka, nikamkumbatia. Alinuka safari na sabuni ya ugenini. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa yeye.

Tangu vita viishe, mimi na Muthana tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba katika kichochoro chetu cha Mosuli ya zamani. Ndege za vita zilikuwa zimepabomoa pote, na waliokufa walitajwa kwa jumla, kama matofali. Sisi hatukuuliza mtu alikufaje. Hilo lilijulikana, lilitoka juu. Tuliuliza aliishije: alipenda nini, aligombana na nani, alicheka kwa sababu gani. Kisha Muthana alichonga jina na maneno machache kwenye marumaru, tukalipachika jiwe mlangoni pake, au pale mlango ulipokuwa.

Nyumba ya mzee Dhanuni ilikuwa na chumba imara chini ya ardhi, na humo ndimo walimotolewa watu watatu: yeye, mkewe, na mwanamke wa tatu ambaye sura yake haikuweza kutambulika. Pembeni yake palikuwa na sufuria kubwa ya shaba, na ukingoni pake limechongwa jina la Sabiha Hamdun. Kwetu bibi harusi huja na sufuria iliyochongwa jina lake, na watu husema mwanamke atamwacha mume kabla hajaiacha sufuria. Nani angebisha? Tulimzika kwa jina hilo, na jiwe lake tukaliweka hapo alipofia.

"Niliiazimisha," Bi Sabiha akasema. Alikuwa ameketi juu ya kizingiti, na mzaha umemtoka usoni. "Asubuhi ile nilipovuka mto na wapwa zangu. Simu ilizama majini, tukasukumwa kambi hadi kambi mpaka Uturuki. Sufuria nilimwachia Mama Mishali. Alikuwa anachemshia ngano watoto waliojificha humo chini. Akaniambia, 'Nenda, dada, nitairudisha, na haitarudi tupu.'" Akalitazama jiwe. "Basi ni yeye aliye kaburini mwangu."

Mama Mishali nilimkumbuka kwa mbali: mwanamke mrefu wa nyikani, aliyepangishwa chumba mwisho wa kichochoro baada ya kijiji chao kuhamishwa kwa nguvu. Mwanawe Mishali alikuwa ameshafariki kabla hajafika kwetu.

Muthana alishuka ngazi. "Usijali, Bi. Nitalifuta jina lako leo hii. Niandike nini? 'Mgeni'?"

"Mgeni wa nani?"

"Hatujui jina lake."

"Nimepika naye, nimelia naye, amenisuka nywele. Ukiandika 'mgeni' nitakung'oa meno kwa hiyo tindo yako."

"Basi niambie jina lake."

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake, na jina alilopewa na babaye hubaki ndani kwao. Mwanamume wa nje kuliuliza ni utovu wa adabu. Mwanamke mwenzake hana haja ya kuliuliza. Bi Sabiha hakuwa amezaa, ndiyo maana lake tulilijua.

"Nilikuwa namwita dada," akasema polepole. "Yeye akiniita dada. Ee Mungu wangu. Sikuwahi kumuuliza."

Nilimletea chai, akainywa huku sukari yangu akiilaumu. Kisha nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine wote: aliishije?

"Alitembea peku hata baridi ikiwa kali. Alicheka kwa kujiziba mdomo, alikuwa na pengo. Na chombo changu hakurudisha kitupu hata siku moja. Hata asipokuwa na kitu, alitia kitunguu kimoja." Akanywa funda la chai. "Ila majira ya uyoga alikuwa tajiri. Ule uyoga wa nyikani, unaovimba chini ya mchanga baada ya radi. Kaka yake alikuwa akiuleta sokoni kutoka upande wa Hadhari, kwao nyikani, kabla barabara haijafungwa."

Muthana na mimi tulitazamana. Radi zilikuwa zimepiga tangu mwezi uliopita. Uyoga ulikuwa umejaa soko la darajani.

"Kaka yake unamjua?" nikauliza.

"Nilimwona mara moja, amejifunga kilemba mpaka puani. Lakini alikula kutoka sufuriani mwangu, akiiona ataijua. Iko wapi?"

Ilikuwa nyumbani kwetu, mama ameifunika kwa shuka jeupe kama maiti. Bi Sabiha alilivuta shuka, akaiinua sufuria, akaipachika nyongani. Muthana alitaka kumpokea. Bi Sabiha akamwambia aende akachonge, tukaondoka wawili.

Sokoni wachuuzi wa nyikani walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja na gunia lake, na uyoga umelundikwa juu yake kama viazi vyenye matope. Bi Sabiha alipita mbele yao taratibu, sufuria imemtangulia, anamtazama kila mmoja machoni.

"Mama, hiyo itameza soko zima!" kijana mmoja akapiga kelele.

"Wee, huyo Mmosuli," mwenzake akamjibu. Nchi nzima hutucheka kwa ubahili. "Mmosuli akija na sufuria kubwa, ujue anataka kuonja tu."

"Nikionja wako nitakurudishia," Bi Sabiha akasema, "maana umejaa mchanga kama kichwa chako."

Wakaangua kicheko mstari mzima. Mtu mmoja hakucheka. Alikuwa mzee kidogo, na kisu chake cha kukwangulia matope kilikuwa kimesimama hewani. Alikuwa haangalii nyuso zetu. Alikuwa anaangalia mbonyeo ulio karibu na sikio la sufuria.

"Hiyo nimeibonyeza mimi," akasema. "Iliniponyoka ngazini."

"Kumbe ni wewe!" Bi Sabiha akasema. "Yeye aliniambia ni paka."

Yule mtu akatabasamu, kisha tabasamu likamtoka taratibu, kwa sababu alikuwa ameelewa nani hayupo hapo. Aliitwa Dahham. Alitupisha nyuma ya magunia, akatutandikia koti lake tukae, naye akabaki amechuchumaa.

"Nimepita kambi zote," akasema. "Nimeuliza orodha za waliokufa kila mahali. Hayumo. Nikasema, kama hayumo, basi yu hai. Kila mwaka namwekea fungu lake la kwanza, mpaka linaoza."

Hayumo kwa sababu tulimzika kwa jina la mwingine. Nilitaka kusema hivyo, lakini Bi Sabiha alinitangulia. Alimweleza yote bila kupamba: chumba cha chini, ngano ya watoto, sufuria, jina.

"Na watoto?" Dahham akauliza.

"Wamepona," nikasema. "Waliondolewa siku moja kabla. Wanaenda shule."

Akainamisha kichwa, akalia bila sauti, na wachuuzi wote wakajifanya wanapanga uyoga.

Alipotulia nilimwambia habari ya jiwe, nikamwomba jina. Uso wake ukakunjana.

"Jina la dada yangu liwekwe njiani? Kila apitaye alisome, kila muhuni alitamke?" Akatikisa kichwa. "Andikeni Mama Mishali. Inatosha."

"Haitoshi," nikasema.

"Binti, kwetu hatufanyi hivyo."

"Hata kwetu," Bi Sabiha akasema. "Lakini nisikilize, kaka. Jina langu mimi, mwanamke mtu mzima, limekaa ukutani tangu majira ya baridi. Wamepita wanajeshi, wamepita wauza gesi. Leo nimelisoma mwenyewe. Halikuniaibisha. Kilichoniuma ni chumvi tu." Akamshika mkono wa kanzu. "Wewe ulimtafuta kwenye majina ukamkosa. Usiwaachie wengine wamkose. Nami nikienda kaburini kumwombea, nimtaje nani? Nimwambie Mungu 'dada'? Madada ni wengi."

Mteja alikuja, akaulizia bei, akaondoka. Mwishowe Dahham alisogea, akamwinamia Bi Sabiha sikioni. Hakutaka kulitaja mwenyewe mbele ya soko.

Bi Sabiha alilipokea. Akalirudia kwa sauti, kila mtu akasikia, na jina halikudhurika.

"Nofa," akasema.

"Nofa," nami nikasema.

"Tulipokuwa wadogo," Dahham akasema, huku sauti yake ikianza kulegea, "hatukuhitaji kuinama kutafuta nyufa ardhini. Nofa alitembea peku, akasimama, akasema 'chimba hapa.' Alijua kwa unyayo. Mimi sijawahi kujua."

Kisha akaivuta sufuria mbele yake, akaanza kuijaza. Alichagua mmoja mmoja, akauondolea matope kwa kisu, akaupanga kwa upole kama anapanga mayai. Bi Sabiha alipotaka kumzuia, alimsukuma mkono.

"Si mimi. Ni yeye. Alikuambia haitarudi tupu."

Muthana alichonga jiwe jipya siku ileile. *Nofa. Alijua kwa unyayo palipo na uyoga. Hakurudisha chombo kitupu.* Lile la zamani alilishusha, akauliza alivunje au vipi.

"Uvunje marumaru nzima?" Bi Sabiha akasema. "Lete hapa. Litakaa jikoni mpaka siku yangu ifike. Chumvi tu ndiyo uikwangue."

"Wanatusingizia ubahili," Muthana akaninong'oneza.

Jioni Bi Sabiha alipika uyoga kwa wali ndani ya sufuria ile, na kichochoro kizima kikaja na sahani, na Dahham akakaa mbele, akipakuliwa wa kwanza. Nilitia tonge la kwanza mdomoni. Bi Sabiha alikuwa ananitazama.

Chumvi ilikuwa nyingi mno. Nilimsogezea sahani, nikaomba aniongeze.