Kilo za Hafsa

Kwa miaka ishirini na miwili Chirau alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Diani, na katika miaka hiyo yote ni chombo kimoja tu kilichowahi kumliza. Kilikuwa kibakuli cha uji wa mchele. Mkewe Hafsa alikimaliza asubuhi moja nyumbani kwao Msambweni, akakisukuma mbele kwa kidole, akauliza, "Hakuna kingine?"

Chirau aliingia jikoni kumtilia mwingine, akasimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

Kabla ya asubuhi hiyo, Hafsa alikuwa amekaa karibu mwaka mzima hali vizuri, halali vizuri, wala hasemi ila akiulizwa. Hapakuwa na msiba, wala talaka, wala ugomvi. Watoto wao walikuwa wakubwa. Binti yao Twaiba alikuwa ameolewa Waa na mambo yake yalikuwa mazuri. Ugonjwa ulimjia tu, kama unyevu unavyopanda ukutani, na kila jirani akaupa jina lake. Huyu alisema ni jini, yule akasema ni husuda, na Chirau alihangaika na yote mawili, hadi Twaiba alipokuja kuwatembelea, akamtazama mamake, na kesho yake akampeleka kliniki bila kumwomba mtu ruhusa. Huko walipewa jina jingine: sonona. Wakapewa na vidonge, kimoja kila baada ya Isha.

Siku ile alipopimwa mara ya kwanza, Hafsa alikuwa na kilo arobaini na tisa. Chirau hakuhitaji kuambiwa na mzani. Ndiye aliyekuwa akimwogesha.

Kwa hiyo hamu ya kula iliporudi, Chirau aliipokea kama mgeni aliyetoka Makka. Alipika mahamri na mbaazi za nazi, akapika samaki wa kupaka, akapika wali ambao tui lake lilikuwa limekamuliwa mara moja tu. Siku zake za mapumziko alioka mkate wa sinia. Hafsa alikula, akaanza kucheka, akaanza kuuliza habari za watu. Alipopita njiani wanawake walimwambia, "Mashallah, Hafsa, umenawiri!" na Chirau, akiwa nyuma yake na kikapu, alijiona kama ndiye aliyesifiwa.

Mwaka na nusu ukapita. Mzani ukasoma themanini na tatu.

Hafsa hakulalamika sana, si desturi yake. Lakini magoti yalianza kumuuma, ikawa anaswali juu ya kiti cha plastiki, na alipokwenda shambani kupalilia mihogo alichutama mara mbili tatu kisha akabaki amesimama anatazama magugu. Muuguzi wa kliniki, Eunice, mwanamke wa bara aliyekaa pwani hadi Kiswahili chake kikalainika, alimpima damu akakunja uso kidogo.

"Mama Twaiba, dawa inakufaa, na hilo nalishukuru," alisema. "Lakini dawa hii huwafungulia watu wengine njaa, na sukari yako imeanza kupanda. Tupunguze kilo chache, taratibu. Utembee, na chakula mkiangalie. Dawa usiiguse. Tukiona mambo hayaendi, tutamwambia daktari atazame kama yafaa kubadilishwa."

"Hata mimi nilikuwa nataka kuuliza hilo," alisema Hafsa, na uso wake ulikuwa mwepesi.

Chirau, aliyekaa kando yake, katika maneno yote hayo alisikia neno moja tu: kupungua. Njia nzima ya kurudi nyumbani neno hilo lilimgonga kichwani. Aliyaona tena mabega yale yaliyochongoka, na maji yakituama kwenye mashimo ya mifupa ya shingo. Hakumwambia mtu.

Hafsa alianza kwa nguvu. Kila alfajiri, jua likianza kuchomoza, alitoka na jirani yake Hanifa wakatembea hadi njia panda ya Munje na kurudi. Aliacha sukari kwenye chai. Akamwambia mumewe, "Baba Twaiba, wewe ndiye fundi. Nipikie vyakula vya kunipunguza, nami nitakula utakachonipa."

"Haya," alisema Chirau.

Na alipika. Alipika supu ya boga isiyokuwa na tone la nazi, na Hafsa akaisifu kwa ulaini wake. Hakujua kwamba ulaini ule ulitoka kwenye korosho mbichi, konzi mbili, zilizosagwa hadi zikawa kama unga na kuyeyushwa ndani. Ni ufundi wa hotelini, Chirau aliwafanyia wageni siku zote. Kwenye sima alitia samli wakati ingali moto, akaisonga hadi ikapotea. Samaki alimchoma, ndiyo, bila mafuta kuonekana. Lakini kabla ya kumchoma alikuwa amemlaza usiku kucha ndani ya mafuta na ndimu. Alijua anachokifanya si kizuri. Kila akisaga korosho zile alifunga mlango wa jikoni. Lakini Hafsa alipofuta sahani kwa kidole, moyo wake Chirau ulitulia, na kesho yake akasaga tena.

Baada ya mwezi mzani ulisoma themanini na tatu. Baada ya mwezi wa pili ukasoma themanini na nne.

"Usivunjike moyo," Eunice alimwambia. "Mwezi ujao mpange kumwona daktari."

Hafsa aliitikia kwa kichwa. Njiani usoni mwake palikuwa na aibu ambayo Chirau hakuwahi kuiona, aibu ya mtu aliyefanya yote aliyoambiwa na bado akaonekana mvivu. Ulimi wa Chirau ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Wakafika nyumbani hajasema.

Wiki mbili baadaye Hafsa alisema, kama anayetania, "Kumbe nimepungua. Buibui limelegea." Kweli alikuwa ameanza kuacha chakula. Kwanza alibakisha robo, kisha nusu. Akaanza kulalamika kizunguzungu. Hanifa alikuja alfajiri akabisha hodi, akaambiwa kichwa kinauma. Kesho yake akaambiwa vivyo hivyo. Siku ya tatu hakujibiwa. Kikombe kilimponyoka Hafsa kikavunjika, naye akakaa chini kando ya vigae akalia kwa muda usiolingana na kikombe. Kisha akahamia kitandani, uso ukutani.

Chirau aliuona ukuta ule akautambua. Aliomba ruhusa kazini.

Ilikuwa mchana, baada ya Adhuhuri, alipokuwa akikunja nguo za Hafsa. Kwenye pindo la leso moja palikuwa na fundo. Wanawake hufunga vitu humo, naye hakuwa na desturi ya kupekua. Lakini fundo lilikuwa kubwa na lilicheza kama lina punje ndani. Alilifungua. Vikadondoka vidonge juu ya shuka, vyeupe, vidogo. Vilikuwa ishirini na kimoja.

"Hafsa," alisema.

Hafsa aligeuka, akaviona, akafumba macho.

"Umeviacha?"

"Nimeviacha." Sauti ilitoka mbali. "Usinigombeze, nimechoka. Nimekula ulivyonipikia, Baba Twaiba. Nimetembea hadi nyayo zimepasuka. Na kilo zimeongezeka. Nikajiambia, basi ni hivi vidonge, hakuna kingine. Nikaona nijaribu mwezi mmoja tu bila vyenyewe."

Chirau alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na njia ya kunyamaza. Angeweza kumpa kidonge na maji, kumpeleka kliniki, na yale ya jikoni yakabaki jikoni. Aliiona njia hiyo waziwazi, na alipomtazama mkewe akajua hawezi kuipita.

"Si vidonge peke yake," alisema. "Ni mimi."

Akamweleza yote. Korosho, samli, mafuta. Alieleza akitazama sakafu, hadi mwisho.

"Ulikuwa ukininenepesha kwa siri?" Hafsa aliuliza. Alikuwa ameinuka akaegemea mto.

"Nilikuwa."

"Na unaniona natembea. Unaniona narudi natweta."

"Nakuona."

"Kwa nini, Chirau?" Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo hakulifanya mara mbili kwa mwaka.

"Nilikuwa nakuogesha," alisema Chirau. "Wewe hukumbuki. Nilikuwa nakushika hapa," akagusa ubavu wake mwenyewe, "na vidole vyangu vinaingia kati ya mifupa. Kila siku nilikuwa nahisi leo kuna kidogo kuliko jana. Kwenda kazini nilikuwa naogopa nitarudi nikute nini. Sasa yule muuguzi aliposema upungue, mimi..." Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye vijana kumi chini yake jikoni, na alilia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Hafsa hakuwa na nguvu siku ile, hata kukasirika kulimshinda. Lakini alinyoosha mkono, akauweka juu ya mgongo wa mumewe, akauacha hapo.

"Ule mwaka mimi siukumbuki vizuri," alisema. "Kumbe uko nao wewe."

Baadaye, alipokuwa amekunywa chai nusu kikombe, alisema tena: "Kule kupungua kwa zamani, sikuwa nataka kitu chochote. Ndiyo maana nilipungua. Safari hii nataka vitu. Nataka nichutame nipalilie. Nataka nisujudu, paji liguse mkeka. Unaona tofauti?"

"Naona," alisema Chirau.

"Basi usinifanyie vile tena. Nikasirikie, nikatalie, lakini usinidanganye chakulani."

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja, na Chirau ndiye aliyesema kwanza. Eunice alisikiliza yote hadi mwisho. Hakumgombeza Hafsa, alimweleza tu kwamba dawa zile haziachwi ghafla, kwamba kizunguzungu na baadhi ya machozi yale vilitokana na kuziacha, na mengine ni ugonjwa uliopata mlango. Kisha akamgeukia Chirau.

"Baba Twaiba, panda mzani."

"Mimi?"

"Wewe. Hiyo supu ulikuwa unakula naye, si ndiyo?"

Chirau alipanda. Alikuwa ameongeza kilo tisa tangu alipopimwa kazini mara ya mwisho. Hafsa, ambaye kwa siku nane hakuwa ametabasamu, aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio, na mabega yake yakatikisika.

Daktari alimrudishia Hafsa dawa, na baada ya wiki kadhaa, hali ilipotulia, akaanza kumhamishia nyingine taratibu, ya kale ikishushwa na mpya ikipandishwa. Haikuwa safari nyoofu. Kulikuwa na siku za kichefuchefu, na wiki moja ambayo Hafsa hakulala, na Twaiba akaja kutoka Waa akakaa nao. Kilo zilishuka hadi themanini na moja, Ramadhani ikazirudisha themanini na tatu kwa mikate ya futari, kisha zikashuka tena. Mwezi wa nane mzani ulisoma sabini na saba. Eunice alisema hapo panatosha kwa sasa, na sukari imetulia.

Chirau alipika mlango ukiwa wazi. Mchunga, ile mboga chungu ya majani, aliupika kwa tui la tatu, lile jepesi, na akipika cha nazi nzito alisema, "Leo ni siku ya nazi," wakala wote wawili bila wasiwasi. Alfajiri alitembea pamoja na Hafsa na Hanifa, akiwa nyuma kidogo, akitweta kuliko wote. Woga haukumtoka. Siku moja Hafsa alipoinama kuwasha jiko Chirau aliuona mfupa wa shingo umejitokeza kidogo. Zamani angekimbilia samli. Sasa alimwuliza, "Roho yako iko vipi leo?" Naye Hafsa akaifikiria kweli, kama anayechungulia ndani ya chungu, akajibu, "Iko. Imechoka kidogo, lakini iko."

Mwezi wa kumi Chirau alirudi kutoka kazini alasiri akakuta mlango umefungwa. Aliita, hakujibiwa. Alizunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu. Ndala za Hafsa hazikuwapo. Alikuwa ameshatoa simu ampigie Twaiba, aliposikia kelele kutoka uwanja wa Hanifa, ambako binti wa Hanifa, Kache, alikuwa karibu kuolewa na wanawake walikuwa wamekusanyika kuchambua mchele.

Mtu alikuwa akigombana humo. Sauti ilipanda juu ya sauti zote, kali, haina subira hata chembe.

"Kilo arobaini zitawatosha watu wa wapi? Wageni wa Mackinnon Road peke yao wanakuja basi zima! Mnataka tuaibike? Hanifa, mimi nakwambia sitini, na kama hutaki, basi tafuta mpishi mwingine, mimi sipiki!"

Ilikuwa sauti ya Hafsa. Wanawake walicheka, mmoja akajaribu kubisha, Hafsa akamkata. Chirau alirudisha simu mfukoni. Hakuingia, maana haukuwa mkusanyiko wa wanaume. Alikaa nje kwenye benchi la Hanifa, bado ana sare yake nyeupe ya hoteli, akasikiliza mkewe akishindania mchele hadi kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni.

Hafsa alipotoka, na makapi ya mchele yamemganda kwenye leso, alishtuka kumkuta.

"Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Si muda mrefu."

"Uliwasikia? Kilo arobaini!"

"Nimewasikia," alisema Chirau. "Mimi ningesema sabini."

"Sabini nyingi," alisema Hafsa, akatangulia kuelekea nyumbani akiendelea kumweleza kwa nini, na Chirau akamfuata akibishana naye.