Mkono Kwenye Usukani

Gari la marehemu Bwana Wazir halikuwahi kukanyaga Amu, kisiwani Lamu, maana mitaa ya Amu ni ya miguu na punda. Lilikaa ng'ambo, Mokowe, nyuma ya gereji ya Kagendo, likila chumvi mwaka mzima. Na tangu mzee afe, usukani wake ulikuwa ukijizungusha.

Si utani. Asubuhi ile Ayman, mwanawe, alikuwa anampeleka mamake Malindi kupasuliwa jicho. Daktari alishasema tarehe hiyo ikipita, jicho basi tena. Hata mji mdogo wa Hindi hawajafika, usukani ukaanza kumvuta kushoto, polepole, kama mtu aliyekaa ubavuni kanyoosha mkono anakuelekeza.

"Ni babako huyo," akasema Bi Swafiya kutoka kiti cha nyuma. "Mwate akuonyeshe ndia."

Ayman hakumwacha mtu amwonyeshe njia yoyote. Aligeuza, akarudi kwa Kagendo shati limemganda mgongoni.

Kagendo, fundi wa kike kutoka Meru, aliinua gari mbele kwa jeki, akachomeka kimashine chake cha kupimia. "Hizi gari za siku hizi, stering haitumii mafuta, boss. Ni umeme. Kuna sensa hapa inasikia mkono wako unavuta wapi, halafu inaambia mota isaidie. Sasa hii yenu inasikia mkono."

"Mkono wa nani?" Bi Swafiya akauliza, bado kakaa kiti cha nyuma.

"Sensa haiulizi ni wa nani, Mama."

"Basi mimi namjua."

Kagendo akacheka. Ayman wala.

Lakini fundi alipofungua kifuniko cha chini ya usukani, kicheko kikamkauka. Nyaya zimeota kutu ya kijani, plastiki yote ina michirizi ya manjano. "Ala! Nani amemwagia gari chai?"

Harufu ya marashi ikampiga Ayman, akajua palepale. Hilo lilikuwa kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa marashi. Watu hunywa wapone. Mamake kalinywesha gari.

"Nililimiminia baada ya arubaini, liwe na baraka," Bi Swafiya akasema, bila haya. "Wiki ya pili nikawasha, nikashika hapo, nikamsikia ananisukuma viganja. Tangu siku hiyo kila Ijumaa navuka kuja kumuongezea kombe. Nakaa naye, nampa habari za nyumbani."

"Mama, ni hayo maji yameharibu sensa," Kagendo akasema. "Sensa mpya itatoka Mombasa, itachukua muda. Leo nitatoa fyuzi ya mota tu. Stering itakuwa nzito kama ya lori la zamani, lakini hakuna atakayeizungusha ila dereva."

"Ukitoa, mimi siendi. Na gari jingine sipandi."

"Mama, jicho!" Ayman akalia.

"Na lipofuke."

"Tutakufa njiani!"

"Babako yumo, tutakufaje?"

 Kulikuwa na kitu Ayman hakuwaambia. Baba alipokata roho yeye alikuwa Mombasa, hakumuaga. Na kule barabarani, pamoja na hofu yote ile, usukani ulipomvuta alitamani kuuachia.

"Subiri kidogo, Kagendo," akasema, akaingia garini.

"Usipitishe mkono katikati ya hiyo duara, unanisikia?"

Akawasha. Mwanzo kimya. Halafu viganjani kikaja kile kitu, laini, kama Baba alivyokuwa akimsukuma mikono alipomfundisha kuendesha hapohapo Mokowe. Ukiachia, kinaachia. Ukikaza, kinakaza. Machozi yakamjaa machoni.

"Baba," akanong'ona, akapitisha mkono katikati ya usukani, akaukumbatia.

Usukani ukakata kushoto kwa nguvu moja.

Ayman alipiga ukelele uliofika gatini kwenye maboti. Mkono ulibanwa, na usukani haukuacha, ulizidi kubana, taratibu, kama mtu anayejua anachofanya. Kagendo akarukia boneti, akang'oa waya wa betri. Ndipo ukalegea.

Bi Swafiya alikuwa ameshashuka. Akaushika mkono wa mwanawe unaovimba, akaubusu, kisha akautazama usukani kwa lile jicho lake moja linaloona.

"Wazir hakumpiga mwanangu hata kofi," akasema taratibu. "Huyo si Wazir. Mtoe."

Kagendo akatoa fyuzi. Ayman hawezi kushika kitu, kwa hivyo fundi mwenyewe akaendesha, anahema kila kona, usukani mzito kama jiwe la kusagia. Haukuvuta tena popote. Mama na mwana walikaa nyuma.

Walipoipita Hindi, Bi Swafiya akamsogelea mwanawe sikioni.

"Ayman."

"Labeka, Mama."

"Ijumaa zote zile nilikuwa namwambia kila kitu. Majina yenu. Nani anaumwa. Nani analala chumba gani, na mlango upi haufungi vizuri." Akauchungulia usukani mbele. "Nilikuwa namwambia nani?"



Mamake akavuta buibui, akajifunika mdomo.