Pindo la Shati la Mzee Floyd

Delmar Shaffer aliendesha gari kwa saa kumi na nne, kutoka Pennsylvania mpaka Missouri, kwa sababu moja tu: alitaka kukosa kulungu mahali ambapo hakuna anayemjua.

Wenzake hakuwaambia hivyo. Aliwaambia kwamba Missouri kuna madume makubwa. Yapo kweli. Lakini sababu yenyewe ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa kambi yao ya kuwindia kule nyumbani. Kambini kwao mtu akikosa kulungu anakatwa pindo la nyuma la shati, lile linalochomekwa kwenye suruali, na kipande kinapigiliwa ukutani pamoja na jina lake na mwaka. Hakuna cha kujitetea, eti upepo, eti tawi. Kisu kinapita. Delmar alikuwa na vipande kumi na kimoja. Ukifungua mlango unauona ukuta wa Delmar kabla hujaliona jiko.

Baba mkwe wake, Mzee Floyd Kessler, ndiye aliyeijenga kambi hiyo, na mpaka anazikwa hakuwa na kipande hata kimoja. Wendell, mwanawe, hakuchoka kulisema hilo.

"Sisi kina Kessler hatukosi, shemeji," alikuwa akisema huku ameinyoosha miguu karibu na jiko. "Nyinyi kina Shaffer mnatupambia ukuta."

Wendell mwenyewe alikuwa na vipande viwili pale, ila hivyo alidai ni vya utotoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne alipokatwa cha pili.

Mwaka huu Delmar alimbembeleza mkewe, Lorna, ampe shati la kuwindia la marehemu baba yake. Lilikuwa la sufu, la drafti nyekundu na nyeusi, na Delmar aliamini lina bahati. Lorna alilitoa sandukuni, akalishika muda mrefu kabla ya kulitoa mkononi.

"Hili ndilo vazi pekee la baba nililobaki nalo," akasema. "Likirudi limekatwa, usibishe hodi. Utalala kwenye pikapu mpaka theluji iyeyuke. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Rudia."

"Nitalala kwenye pikapu."

Basi bahati alikuwa nayo mwilini, lakini akienda nayo kambini kwa Wendell, kosa moja tu shati limekwisha. Ndiyo maana akakata kibali cha kuwinda Missouri na kuchagua msitu wa umma ambao hajawahi kuukanyaga. Wiki tatu alikaa chooni na simu akiisoma ramani yake.

Alifika kwenye maegesho kabla hakujapambazuka. Hapakuwa na gari hata moja. Delmar akapiga usukani kwa furaha. Kila mtu anayewinda kwenye ardhi ya umma anajua hesabu hiyo: magari matatu, kaa mbali, gari moja, pita upande mwingine, hakuna gari, msitu wote ni wako. Akaacha miwani yake ya kusomea juu ya dashibodi, akabeba upinde wake na kiti cha kutundika mtini, akatembea karibu nusu saa mpaka kwenye mwaloni aliouchagua ramanini, juu ya kijito. Akapanda, akajifunga mkanda, akakaa.

Jua lilipochomoza alikuwa ameshajisahau. Mtu akijua yuko peke yake hufanya mambo. Alijikuna kila panapowasha. Alikojoa kwenye chupa ya juisi. Alimtukana Wendell kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya kati. Halafu akatoa hotuba ndogo, ile atakayoitoa kambini siku ya ushindi, akamshukuru Lorna, akamshukuru Mzee Floyd kwa shati, akainamisha kichwa kama anapigiwa makofi.

Saa mbili asubuhi dume likaja. Lilikuwa linamfuata jike, pua chini, shingo imevimba, pembe zenye ncha kumi. Likasimama hatua ishirini kutoka kwenye mwaloni, ubavu wote wazi. Delmar akavuta upinde taratibu, akashusha pumzi, akaachia.

Mshale ukapita juu ya mgongo wa dume na kuchoma gogo lililooza. Dume likaruka, likakimbia hatua arobaini, likasimama kuangalia nyuma. Ukasikika mlio mwingine wa uzi wa upinde. Dume likaruka tena, likaenda kidogo, likalala.

Delmar akautazama upinde wake. Haukuwa wake uliolia.

"Umepitisha juu," sauti ya mwanamke ikasema mgongoni kwake. "Kama upana wa kiganja hivi."

Delmar aligeuka kwa nguvu mpaka akateleza kutoka kwenye kiti na kuning'inia kwa mkanda kama paja la nguruwe buchani. Kwenye mti wa nyuma, juu kidogo kuliko alipokuwa yeye, alikaa bibi wa miaka sabini na zaidi, amevaa nguo za rangi ya majani makavu, anakunywa kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

"Mama, uko hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla hujafika. Hotuba yako nzuri sana. Ulipofika kwa mkeo nilitaka kulia. Kwenye ile chupa nilifumba macho."

"Lakini hapakuwa na gari!"

"Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, kijana. Niegeshe gari la nini?" Delmar alikuwa na miaka hamsini na mbili, lakini hakuwa mahali pa kubisha. "Naitwa Imogene Crabtree. Shuka tukaongee."

Walishuka. Bi Imogene alilijaza jina lake kwenye kibali, akakifunga kwenye pembe, akalipasua dume tumbo na kulisafisha ndani ya dakika kumi, huku akiongea kana kwamba anamenya viazi.

"Kwenu mtu akikosa anafanywa nini?"

Delmar akakiangalia kile kisu. "Anapewa kahawa."

"Vizuri. Kwenu ni wapi?"

"Pennsylvania."

"Aa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Pennsylvania." Akafuta kisu kwenye majani. "Miaka arobaini na mitatu nimekaa naye. Kila Novemba ni mashati bila mapindo. Geuka, kijana."

Delmar akapiga magoti. Akaeleza yote: shati la mkwe, Lorna, pikapu, theluji. Bi Imogene alimsikiliza mpaka mwisho, na alionekana kufurahia zaidi ile sehemu ya theluji.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Mimi goti langu baya. Msitu huu gari haliingii. Ukiniburutia dume langu mpaka kwenye maegesho, na usiseme uongo mwingine njiani, shati lako zima."

Delmar akashika pembe. Dume lilikuwa na uzito wa mifuko miwili ya saruji na lilikwama kwenye kila mzizi. Akalivusha kijito, maji yakamwingia kwenye buti. Akalipandisha mlima, akateleza, likamburuta yeye. Bi Imogene alifuata nyuma na pinde mbili begani, akila mkate wa Delmar wa siagi ya karanga.

"Mkeo anapaka kidogo sana," akasema. "Vuta."

Baada ya saa mbili wakatokea kwenye uwanda wa nyasi. Pikapu ilionekana pale, hatua thelathini tu. Jua lilikuwa linapiga vizuri pembe zile.

"Hutaki picha?" Bi Imogene akauliza, kwa upole ambao ungemshtua mtu asiyechoka.

Delmar alitaka. Aliiegemeza simu kwenye kisiki, akaiweka ijipige yenyewe, akapiga magoti nyuma ya dume, akainua pembe, akatabasamu mpaka sikioni. Simu ikalia. Akaituma picha hapohapo kwa Wendell na maneno matatu: "Missouri. Hatua ishirini." Alijiambia huo si uongo. Hatua zilikuwa ishirini.

Dakika mbili hazikuisha, Wendell akapiga. Alikuwa anacheka hata hawezi kutamka.

"Shemeji! Dume zuri! Sasa huyo bibi mwenye kisu nyuma yako anakutafuta nini?"

Delmar akaisogeza simu, akaileta karibu, akaisogeza tena. Bila miwani aliona rangi tu. Akageuka. Bi Imogene alikuwa amechuchumaa nyuma yake, pindo la shati mkono mmoja, kisu mkono mwingine.

"Mama! Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana maegesho. Hizi ni nyasi. Tena umesema uongo, nimeuona ukiandikwa." Lakini alikuwa hajakata. Alikuwa amekunja uso, analigeuza pindo kwenye mwanga. "Shati hili la nani, ulisema?"

"La baba mkwe. Mtu ambaye hakuwahi kukosa."

"Njoo uone."

Akamvutia pindo mbele. Hata bila miwani Delmar aliona, kwa kuwa alionyeshwa kwa ncha ya kisu. Mistari ya drafti ilishuka mgongoni vizuri, halafu karibu na mwisho ikahama, nyeusi ikakutana na nyekundu. Kwa ndani palipita mshono mrefu wa uzi wa kijani.

"Limeshakatwa hili," Bi Imogene akasema. "Mtu akatafuta kitambaa kinachofanana, akaunga. Nami nimeunga mengi, siwezi kudanganywa."

Delmar akakaa juu ya kulungu. Akakumbuka kwamba Mzee Floyd kila Novemba, kabla ya kambi kuanza, alikuwa akienda West Virginia kumsalimia binamu yake. Peke yake. Siku nne. Na upinde. Binamu huyo hakuna aliyewahi kumuona, hata mazishini. Kumbe mzee naye alikwenda kukosa mbali, na kisu kikampata hukohuko.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, na Wendell kwenye simu akaacha kucheka.

"Nini? Shemeji, kuna nini huko?"

"Nitakuambia kambini. Tafuta msumari." Akakata simu. "Kata, mama. Fuata mshono. Usizidishe hata uzi mmoja."

Bi Imogene akakata. Delmar akalitia pindo mfukoni, akashika pembe, akalimalizia dume zile hatua thelathini, maana ahadi ni ahadi.

Nyumbani Lorna alimgeuza mlangoni kabla hajavua kofia. Alipoona nyuma ya shati akaanza kuufunga mlango. Delmar akapenyeza mkono wenye kile kipande.

"Angalia uzi kwanza," akasema. "Halafu nifungie."

Lorna akakipokea. Mlango ukabaki wazi kiasi cha kiganja.

"Huu ni uzi wa mapazia ya jikoni," Lorna akasema. "Wa mama." Akakigeuza upande wa pili. "Mama alijua! Na yule mzee alivyokuwa akikaa mezani kutusimulia!" Akacheka hadi akaegemea ukuta, na Delmar akaingia ndani bila kuuliza.

Jumamosi Lorna alikwenda kambini mwenyewe, na nyundo. Alipigilia kile kipande katikati ya ukuta na kuandika majina mawili, la baba yake juu, la mumewe chini. Wendell alisimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Akauliza, "Na mwaka? Wa baba uandike mwaka gani?"

"Acha wazi," Lorna akasema. "Hatujui alikosa mara ngapi."