Ghorofa Tupu ya Veturia

Watoto wa Veturia walikuwa wawili. Binti alikuwa Torino, Italia, akilea wazee wa watu, mjini humo humo ambamo baba yake alikuwa akibandika vigae mwaka wa kumi na moja sasa. Nyumbani alibaki Horea, na yeye mguu mmoja ndani, mmoja nje. Alifunga nyaya za magari katika tawi la kampuni ya kigeni, nje kidogo ya mji, karibu na mpaka. Alikuwa ameshasema: tawi likijengewa jengo la pili, atapewa usimamizi na atakaa. Lisipojengwa, anapanda basi la Torino.

Kwa hiyo Meya Tiberiu alipoleta habari kwamba wakubwa wa makao makuu ya kampuni wanakuja kuona kama mji unafaa kuongezewa kiwanda, Veturia aliunguza maziwa jikoni.

"Watakula kwako, mama," meya alisema. "Nyumba yako ndiyo ya kutuondolea aibu."

"Mheshimiwa, ghorofa ya juu haina hata kitanda!"

"Nani atapanda juu? Tundika pazia madirishani."

Ilikuwa Agosti, mwezi ambao walio Italia hurudi na magari yao. Meya aliyapanga yote barabarani yakimetameta, namba za Italia zikafunikwa kwa mashada ya maua, eti kuna harusi. Mume wa Veturia akapelekwa kwa shemeji yake ashinde huko, asije akawajibu wageni Kiitaliano.

"Veturia wee," jirani yake Domnica alimcheka juu ya uzio, "hata siku ya ndoa yako hukupika hivi!"

"Siku ile sikuwa na cha kupoteza. Niazime sahani na bakuli."

Wageni wakala kabichi iliyoviringwa nyama, wakanywa pombe ya plamu. Meya akasimama na glasi yake: barabara kuu dakika tano, reli ipo, ardhi bure, kodi miaka kumi hamlipi, na mikono ya watu wetu ni hodari! Mkuu wa wageni, Bi Ingelore, hakuandika hata neno. Alikuwa akitazama magari dirishani. Kisha akamgeukia mwenye nyumba, mkalimani akatafsiri:

"Mama, nyumba hii kubwa imejengwa kwa mshahara wa wapi?"

Horea alimtazama mama yake. Meya alimtazama mama yake Horea. Hapo ndipo ilipotakiwa kusemwa kweli: kwamba mshahara wa kiwandani haufiki hata kwenye kuni za baridi ya Januari, na kila tofali limetoka Torino. Lakini mgeni yuko mezani! Mwanamke gani wa mji ule angejitia ufukara mbele ya mgeni?

"Wa hapa hapa," Veturia alisema. "Sisi hatukosi kitu."

Bi Ingelore akatoa kalamu.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, meya akaisoma uwanjani. Mji umepongezwa kwa maendeleo. Kwa kuwa wakazi wake wamekwisha kutajirika, mishahara haina budi kupanda, basi jengo la pili litajengwa ng'ambo ya mto Prut, upande wa pili wa mpaka, ambako watu bado wana shida ya kutosha.

"Tumepongezwa!" mtu mmoja alipiga makofi, kisha akaacha.

Horea aliondoka Jumapili hiyo, kwa basi la Torino, kando ya baba yake. Veturia alimfungia kabichi kama ile ya wageni kwenye bakuli la Domnica.

Akina mama wenzangu, mgeni akiwauliza mnaishije, mwambieni mnavyoishi. Pazia mtafua baadaye.

Mwezi wa pili tangu aondoke, Horea alipiga simu. "Mama, mimi na baba tunafikiri tuongeze ghorofa ya tatu."

Veturia alitazama juu, kwenye vyumba ambamo hakuna mtu aliyewahi kulala.

"Thubutu," alisema. "Thubutu, Horea, nami nitaibomoa kwa mikono yangu."