Punda Asiyelazwa

Leta sikio hapa nikutegee, na usimwangalie mwenzako usoni: nina punda wangu, hali majani wala pumba. Nikimfunga ukutani anashiba, nikimfungua anakimbia, na hata ashibe vipi uzito wake hauongezeki hata chembe. Ni nini?

Unakuna kichwa. Haya, sikutozi kitu, nakupa bure: ni baiskeli ya umeme. Usiku hufungwa ukutani kwa waya wake, ikala chaji, asubuhi ikatoka. Na kisa hiki ni cha mwanamke mmoja, fundi wa punda hao, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Betri, na cha neno moja ambalo mumewe aligoma kulitoa kinywani.

Mama Betri alikuwa na karakana ndogo mbele ya nyumba yake. Kati ya karakana na chumba cha kulala palikuwa na pazia tu, kwa hiyo mumewe akikohoa kitandani, yeye alisikia. Na yeye akiangusha spana sakafuni, mumewe aliguna. Baiskeli yao ya kwanza ya umeme waliipata ikiwa imeshachoka mikononi mwa wengine, na mume akaanza kusambazia mitungi ya gesi majumbani. Ile baiskeli iliwasomesha darasa. Waliiacha juani mchana kutwa, betri ikatuna kama shavu lenye jino bovu. Wakaimwagia ndoo ya maji wapate kuiosha, kama mtu anavyoosha baiskeli yoyote, ikagoma mpaka ilipokauka hadi ndani ya uti wake. Wakajua kwamba wakati wa kuondoka lazima uisaidie kwa pedali, maana ukiiachia ijivute yenyewe na mzigo wote ule, inabugia chaji kama imetumwa. Mume alipenda kutania kwamba kaoa mara mbili, na mke wa pili ndiye anayedeka zaidi.

Sasa, mtaa wao ulikuwa juu ya mlima, na soko, zahanati na wateja wengi walikuwa bondeni. Betri ile kuukuu haikufika jioni. Ndipo Mama Betri akabuni ujanja wake: ukifika kileleni, zima swichi. Teremka na breki za mkono, ukifika chini washa upya. "Mlaze punda," alimwambia mumewe. "Mlima ukikupa safari ya bure, ipokee." Mume akajifunza, na chaji ikaanza kutosha mpaka jioni. Mama Betri akamfundisha kila mteja aliyeingia kwenye karakana yake, na wateja wakafundishana. Ikawa ndiyo desturi ya mtaa. Ungesimama pale kileleni asubuhi, ungewaona mmoja baada ya mwingine wakinyoosha kidole gumba, tak, wanazima, wanateremka kimya na nguo zimejaa upepo. Hata mpita njia aliyeazima baiskeli ya jirani alizima bila kuuliza sababu.

Miaka ikaenda. Vifaa vizuri vikaanza kupatikana, na Mama Betri akaona mumewe ametumikia vya kutosha mashine ya kubembelezwa. Akamfungia mota mpya na betri kubwa. Mota hii ilikuwa na tabia yake: ikiwa imewashwa, kwenye mteremko inalishika gurudumu yenyewe, inapunguza mwendo, na inarudisha chaji kidogo kwenye betri. Ukiizima, haishiki kitu. Hapo unabaki na breki za mkono peke yake, na sasa betri ni nzito na mitungi ni ileile.

"Huyu halazwi," Mama Betri alimwambia mumewe.

"Nimesikia."

"Halazwi, baba. Mlimani mwache macho."

"Mke wangu, Mungu kanipa masikio mawili tu, na yote umeshayajaza."

Walicheka. Wiki haikuisha, akaanguka.

Walioona walisema alishuka kama jiwe. Mpira wa breki ulinuka barabara nzima, na pale kwenye kona baiskeli haikukata kona. Ilikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa ghala. Mitungi ilibingirika mtaroni bila kupasuka, na kila mtu akashukuru. Mguu wa kulia wa mume ulivunjika juu ya goti na chini ya goti.

Pale hospitalini, akiwa bado na damu ya mumewe kwenye kanga, Mama Betri aliuliza: "Ulizima, au ilijizima yenyewe?"

Mume akageuza uso ukutani. Mke akasema moyoni, ni maumivu, nimwache.

Mume aliporudishwa nyumbani, mke akauliza tena, kwa upole, akimwekea mto chini ya mguu. Mume akasema mguu unawasha. Siku nyingine akasema chai imepoa. Siku nyingine alifumba macho akajifanya amelala, na mtu aliyelala naye miaka yote ile anajua usingizi wake wa kweli unavyokoroma.

Mama Betri hakuwa anatafuta mchawi. Ingekuwa hivyo, angeshaacha. Kama mumewe alizima, basi mota ni nzima na kosa ni la kidole. Lakini kama ilijizima yenyewe, basi kazi ya mikono yake ina ubovu asioujua, na ubovu huo ulikuwa tayari umefungwa kwenye baiskeli nyingine iliyoegemea ukuta wa karakana. Mota pacha wa ile iliyoanguka. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mkunga anayewazungukia wajawazito kule bondeni.

Aliifungua ile iliyoanguka waya kwa waya. Solda nzima, kebo nzima, betri inapumua vizuri. Swichi ilikuwa imesagika ukutani, haikuweza kutoa ushahidi. Aliiwasha mota juu ya meza, ikazunguka kwa utulivu, isiyo na hatia kabisa. Hiyo haikumtuliza. Alishakutana na waya unaokatika kwa kufumba na kufumbua, mzigo ukiwa mzito na barabara ikiwa na mashimo, kisha ukarudi kushikana kama hakuna kilichotokea. Ubovu wa namna hiyo haujitokezi mezani mwa fundi, unasubiri mtu awe mlimani.

Akaanza kukataa kazi za mota. Mteja akija, alimzibia pancha tu, akamfungia spoki, basi. Mkono wake, uliokuwa haukosei, sasa aliutazama kama mkono wa mtu mwingine.

Wifi yake alikuja kudai baiskeli asubuhi moja, viatu vimejaa vumbi.

"Wifi, mdogo wangu kavunjika mguu mmoja," alisema kabla hata ya salamu, "lakini mimi mmenivunja yote miwili kwa kutembea. Nipe punda wangu."

"Hajawa tayari."

"Hajawa tayari nini? Namwona pale kasimama, kanenepa, ananitamani."

"Sijajua mota ya mwenzake ilizimikaje."

Mkunga akaacha utani. Alikuwa mwanamke wa mwili na sauti, lakini alijua wakati wa kuishusha. "Muulize aliyekuwa juu yake."

"Nimeuliza mpaka nimechoka."

"Huyo?" Akaelekeza kidevu kwenye pazia. "Tangu mdogo ni hivyohivyo. Akivunja kikombe anakuwa bubu. Mama yetu alikuwa anatupiga wote ili asimkose mmoja." Akapaza sauti: "Wewe! Mkeo anakuuliza kitu! Au mpaka nije nikuvute sikio?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia kidogo, kisha kikanyamaza.

"Unaona," alisema mkunga. "Wifi, wanawake wangu kule chini ni wazito, wengine wamebakiza siku za kuhesabu. Nikifika nimechoka, mikono inatetemeka. Mikono hii haitakiwi kutetemeka. Acha niijaribu hapa uani tu. Ikinishinda, nitakuachia uifungue yote uipike supu."

Mama Betri aliiendea baiskeli. Akachomoa waya ukutani, akaushika usukani. "Lakini nisikilize. Huyu halazwi."

"Nimesikia."

"Kwenye mteremko mwache macho, wifi. Yeye mwenyewe ndiye breki."

"Jamani, nimesikia! Nina masikio, au haya ni mapambo?"

Mama Betri hakuuachia usukani mara moja. Maneno yale alishayasikia, kwa kicheko kilekile, kutoka kwa damu ileile.

Mkunga akapanda. Ua ule ulikuwa bapa karibu na mlango, kisha uliinama kuelekea lango, mteremko mdogo ambao mtoto angeuteremka akiruka kwa mguu mmoja. Mota ikavuma taratibu. Akazunguka karibu na mlango, anacheka, mkoba wake wa kazi unarukaruka kwenye kikapu. "Eh, huyu kweli kashiba!" Akageuza usukani kuelekea lango. Na pale ua ulipoanza kuinama, kabla gurudumu la mbele halijashuka, kidole gumba chake kikanyooka chenyewe.

Tak.

Hakukitazama. Alikuwa bado anacheka. Baiskeli ikashuka kimya, ikaenda haraka kuliko alivyotaka, naye akaburuza miguu yote miwili mpaka akasimama mbele ya lango.

"Breki zake vipi hizi?" alipiga kelele. "Mbona hakushika? Wifi! Si ulisema anajishika mwenyewe?"

Mama Betri alibaki ameushika mlango wa karakana. Alikiona kidole kile, na nyuma yake aliviona vidole vyote vya mtaa, pale kileleni, vikinyooka kimoja baada ya kingine. Akageuka kulitazama pazia. Safari hii hakuuliza.

Pazia lilikuwa limevutwa kando. Mumewe alikuwa amejikokota mpaka ukingoni mwa kitanda, mguu wenye plasta umetangulia mbele yake, jasho usoni, macho yake kule langoni kwa dada yake. Alikuwa ameona.

"Mwambie ashuke," alisema.

"Kwanza niambie."

Akautazama mkono wake wa kulia, kisha akamtazama mkewe.

"Nilizima," alisema. "Sikukusudia. Nilikuwa nakumbuka kabisa kwamba halazwi, lakini nilipofika kileleni kidole kikazima, na wewe ndiye uliyekifundisha. Nikaona bora uitilie shaka mota kuliko nikwambie hilo."