Barua Iliyobandikwa kwa Ugali

Niseme mapema ili tusisumbuane: mdomo ninao. Hata barua ya baba mdogo ilisema hivyo, na hapo tu ndipo ilipopatia.

Chumba chenyewe kiko mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu, kwenye nyumba ya Bi Biubwa, mama wa Kiislamu anayeshona mashuka na mapazia. Chumba kimoja, dirisha linatazama migomba, choo cha kuchangia uani. Kwa mtu aliyelala miaka mitatu kwenye vitanda vya deka vya hosteli, watu sita ndani, mimi nilikiona ikulu. Tena kutoka hapo hadi zahanati ya Makandana, ninakofanya kazi maabara, ni kwa miguu. Nilikuwa nakaa Kiwira kwa baba mdogo Andongwisye, na magari ya asubuhi hayaondoki mpaka yajae. Nilishachelewa kazini mara mbili. Daktari aliniambia bila hata kupaza sauti, "Ikupa, ya tatu usije." Kwa hiyo sikuwa natafuta anasa. Bila chumba, kazi kwisha.

Bi Biubwa akauliza jambo moja tu. "Barua yako iko wapi?"

"Barua gani, bibi?"

"Ya mtu uliyekaa naye. Aseme unaishije. Mimi siweki mtu nisiyemjua uani kwangu."

Nikampa namba ya Sekela wa hosteli, yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Akacheka. "Mwanafunzi amsifie mwanafunzi! Si wote mlikuwa mnaficha hita za kuchemshia maji?" Ilikuwa kweli. "Leta ya mtu mzima wa kwenu. Jumamosi saa nne. Usipokuja, kuna mwalimu anakitaka."

Mtu mzima wa kwetu ni baba mdogo. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na yeye ndiye aliyenilea. Hilo sikatai. Lakini tangu nimalize chuo ana wimbo mmoja: binti huozwa kutoka nyumbani kwao. Ng'ombe wa mahari hawapelekwi kwenye nyumba ya kupanga. Watu wakija kuposa, wanikute wapi? Nikamuuliza ni watu gani hao, maana mpaka leo sijaona hata kwato.

"Unaona?" akasema. "Mdomo."

Nilitegemea agome, na nilishajipanga kugombana. Lakini Ijumaa wakati wa kula akaomba kalamu, akaandika ukurasa mzima, akautia kwenye bahasha. Gundi hakuna. Akachota ugali kidogo sahanini, akapaka, akabonyeza kwa kidole gumba. "Mpe mkononi mwenyewe. Usifungue."

"Ndaga, baba," nikamshukuru, nikapiga goti kabisa. Nilifurahi kama mtoto wa sikukuu. Mjinga mimi!

Jumamosi mvua ilinyesha tangu Kiwira, nikaificha bahasha kifuani. Saa tatu na nusu nilikuwa barazani kwa Bi Biubwa, yeye na cherehani yake. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu. Akaipokea bahasha, akaigeuza, akanirudishia.

"Miwani yangu iko kwa fundi. Nisomee."

Nikafungua. Ugali mkavu ukapukutikia kwenye khanga. Nikaanza kwa sauti yangu ya kusoma kanisani: "'Salamu kwako mama. Mimi ndiye baba wa Ikupa.'" Halafu macho yakatangulia mbele, yakakutana na kilichofuata.

Hapo ningeweza kudanganya. Bi Biubwa haoni maandishi bila miwani. Ningesema binti yangu ni msafi, mpole, mcha Mungu, nikaikunja karatasi na kuomba ufunguo. Maneno nilikuwa nayo tayari. Lakini nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nidanganye ili nimsitiri nani? Yeye? Thubutu! Maji nimeshayavulia nguo. Nikaendelea kwa sauti ile ile.

"'Nakuomba usimpe chumba. Mwambie kimeshapata mtu. Ana mdomo, hujibu wakubwa, hawezi kuishi na watu. Akikaa peke yake ataharibika, nami nitachekwa. Usimwambie nimesema hivi. Nimeandika ili asidai nilimkatalia. Ni mimi, Andongwisye.'"

"Umemaliza?" Bi Biubwa akauliza.

"Bado." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. "Hiyo ndiyo barua ya mtu mzima wa kwetu. Mdomo ninao, hajakosea. Wakubwa nawajibu, wakisema uongo. Kuishi na watu, aulizwe ni nani aliyekuwa anamfulia na kumwashia moto tangu darasa la sita. Na kuharibika, bibi, mimi si nyanya. Ukininyima chumba, ninyime kwa sababu wewe hunitaki. Usiniambie kimeshapata mtu. Nimeshadanganywa mara moja wiki hii, inatosha."

Akaweka kitambaa chini. Kisha akasema, "Hapo kwenye mdomo, rudia."

"'Ana mdomo, hujibu wakubwa.'"

"Na wadogo?"

"Nao nawajibu."

Akageukia uani, akaita, "Nelson!" Akatoka kijana wa chumba cha pili, kandambili miguuni, tabasamu usoni. "Huyu zamu yake ya kuosha choo ina wiki ya tatu sasa," Bi Biubwa akasema. "Nikimwambia, ananiitikia 'sawa, bibi' kwa upole mpaka naona haya mimi. Na barua yake ilikuwa sifa tupu, utadhani ya malaika. Hebu mwambie wewe."

Niliyomwambia Nelson sitayarudia hapa, maana kuna watoto. Ila tabasamu lilimwisha, na baada ya dakika tano tulisikia ufagio na ndoo ya maji.

Bi Biubwa akafungua pindo la khanga, akatoa ufunguo. "Barua za sifa ninazo kopo zima, na nimeshaumizwa nazo. Hii ndiyo ya kwanza kusomwa na mwenye kusemwa mwenyewe. Mwalimu nitamwambia kimeshapata mtu, na itakuwa kweli."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Nilitaka kusema asante, nikaishia kulia tena, kwa kwikwi safari hii, na bibi akaendelea kushona kama hanioni.

Mchana ule ule nilinunua sufuria, mwiko na unga. Jiko niliazima kwa Nelson, akanipa mbio mbio. Ugali ulipoiva nikakaa sakafuni, nikachana karatasi ya daftari, nikaandika:

"Baba, shikamoo. Barua yako niliifikisha, na niliisoma yote kwa sauti. Chumba nimepata. Kunilea ulinilea, na Jumapili nitakuja kuwasalimu kama kawaida. Wenye ng'ombe wakija, waelekeze Bagamoyo kwa Bi Biubwa, waniulizie mimi mwenyewe. Ni mimi, Ikupa."

Nikaitia kwenye bahasha ile ile yake, nikafuta jina la Bi Biubwa, nikaandika lake. Gundi sikuwa nayo. Nikachota ugali kwenye sufuria yangu, nikapaka, nikabonyeza kwa kidole gumba.