Tepu Nyeusi kwenye Swichi ya Jairo

Jotham alipofungua tumbo la ile ndege ndogo ya rimoti, kitu cha kwanza alichokiona ni kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi wa stima, kimebandikwa juu ya swichi ya jairo. Hakukibandika yeye. Nakhumicha mkewe hakujua jairo ni nini wala hakutaka kujua. Na ndege yenyewe ilikuwa imefika asubuhi hiyo kutoka Bungoma, kwa Kizito, mwenye ndege mwenzake. Basi kulikuwa na nini tena cha kuuliza? Hasira ilimpanda hadi masikio yakawaka moto.

"Leo nimemshika," alisema.

Jairo lilikuwa kijisanduku kidogo kuliko kiberiti, limegandishwa kando ya risiva, ile inayopokea amri za rimoti kutoka chini. Upepo ukiyumbisha ndege, jairo huhisi kabla ya macho ya rubani kuona, nalo huuamuru usukani wa mkia uirudishe ndege kwenye njia yake. Ila lina swichi ya kuchagua upande wa kusukumia usukani. Ukikosea upande, linaongeza ugonjwa badala ya kuutibu: ndege ikiyumba kidogo inasukumwa iyumbe zaidi, mpaka ijizungushe na kuanguka.

Na ndege yao ilikuwa imeanguka mara mbili.

Waliinunua kwa mmishenari aliyekuwa akirudi kwao, wakagawana kama walivyogawana kila kitu tangu ujana. Jotham alikuwa fundi wa redio pale Kibomet, Kitale, Kizito mwalimu wa jiografia kule Bungoma, nao walikuwa bakoki, yaani walitahiriwa msimu mmoja. Kwao Wabukusu, mukoki wako huingia kwako bila hodi, akafunua sufuria, akala. Ndiyo maana ndege ilikuwa ikilala huku na kule, Jotham akishughulikia mambo ya umeme, Kizito akiunganisha mbawa zilizovunjika. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa ya kuigusa.

Ilipoanguka mara ya kwanza, kwenye uwanja wa Kiminini, walishuku risiva. Wakabadilisha kristali, ile inayoshika masafa, wakanyoosha waya wa antena, wakapima betri. Kizito aliibeba ndege mpaka mwisho wa uwanja huku Jotham akichezesha rimoti, na kila baada ya hatua chache alipaza sauti, "Inasikia! Bado inasikia!" Risiva haikuwa na kosa lolote. Kizito akaondoka na ndege kwenda kuganga bawa.

Iliporudi Kitale, Jotham alikuta swichi imegeuzwa. Hakumuuliza Kizito. Aliirudisha alivyoiweka mwanzo, akaenda Kiminini, akairusha huku akimtazama Kizito kwa pembe ya jicho. Ndege ikajizungusha tena, ikatumbukia katika mahindi ya watu. Kizito akaichukua tena kwenda kuitengeneza. Mtu mwingine hapo angejiuliza kama kosa lilikuwa lake. Jotham hakuzoea kujiuliza maswali ya namna hiyo. Yeye aliwaza kwamba anayethubutu kugusa swichi hawezi kukosa kugusa na mengine.

Na sababu aliijua, au alidhani anaijua. Ilibaki siku moja tu kufikia maonyesho ya wakulima Kitale, ambako ndege ingerushwa, na mtangazaji alikuwa amepita na kipaza sauti akiwaita watu waje kuona "ndege ya fundi Jotham." Kizito aliposikia habari hiyo alicheka, akasema, "Sasa mimi ni makanga wako, wewe ndiye dereva?" Wakati ule Jotham alicheka naye. Sasa alikikumbuka kile kicheko, akakigeuza huku na huku, akaona kina meno.

Akaibandua tepu na kuwasha mitambo. Aliishika ndege mkiani, akausukuma mkia kushoto. Usukani nao ukaenda kushoto.

"Unaona!" alimwambia Nakhumicha. "Usukani unafuata mkono wangu badala ya kuukataa! Huyu mtu anataka nianguke mbele ya Kitale nzima."

"Si umpigie simu umuulize?" Nakhumicha alisema bila kuinua macho kutoka kwenye mboga.

"Atanidanganya."

"Haya. Wewe kaa na hasira yako, mimi nina sufuria jikoni."

Hakuigeuza swichi, maana ndiyo iliyokuwa ushahidi. Alimpigia Khisa, mkubwa wa bakoki wao, akamwomba aje Kiminini jioni hiyo awe shahidi. Bakoki hawapelekani kwa chifu. Lakini ukimshtaki mwenzako mbele ya mukoki mwingine, na likathibitika, ndio mwisho wa kula sahani moja. Jotham alilijua hilo vizuri. Akaenda hivyo hivyo.

Kizito, aliyekuja kwa jaribio la mwisho kabla ya maonyesho, alimkuta Khisa uwanjani akafurahi. "Niaje! Umekuja kuona ndege?"

"Nimeitwa," Khisa akajibu.

Jotham hakungoja. Alifungua tumbo la ndege, akaonyesha swichi. "Tepu ilikuwa hapa. Ni ya nani?"

"Ni yangu. Si nilikuwekea?"

"Khisa, unasikia? Amekubali mwenyewe! Umekuwa ukigeuza hii swichi ili niaibike."

Kizito alimtazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Ati niaibishe nani? Hii swichi inateleza kwa barabara, bana. Kila ndege ikirudi kwangu naipata imegeuka. Nikasema ni mashimo ya njiani inaitingisha. Ndiyo nikabandika tepu ishike."

"Haitelezi! Naigeuza mimi, kwa sababu wewe unaiweka vibaya!"

"Basi nionyesheni," Khisa akasema. "Mmoja mmoja."

Jotham akaishika ndege mkiani, akasukuma kushoto. Usukani ukaenda kushoto. "Unafuata. Inafaa ukatae."

Kizito akaizunguka ndege, akashika pua, akasukuma kushoto. Usukani ukaenda kulia. "Si huo unakataa?"

Hakuna aliyegusa swichi. Jotham alirudia, Kizito akarudia, ikawa vile vile. Khisa akaanza kucheka polepole, tumbo likitikisika.

"Mlipokuwa vijana mkilima kwa mzee, nani alishika plau?"

"Mimi," Jotham akasema.

"Na nani alikuwa mbele akiongoza ng'ombe?"

Alikuwa Kizito. Miaka yote ile Jotham alitembea nyuma ameshika vishikio, na Kizito mbele ameshika kamba. Mpaka leo, mmoja hushika kitu kwa nyuma na mwenzake kwa mbele. Ukisukuma mkia kushoto, pua inakwenda kulia, na ndege hufuata pua. Usukani ukilala kushoto, hewa huupiga na kuurudisha mkia kulia, pua nayo ikarudi kushoto ilikotoka. Jotham alipiga hesabu hiyo akiwa amesimama, akaona aibu inamshuka mgongoni kama jasho. Ndege ilikuwa imeanguka kwa mkono wake, mara zote mbili.

"Rusha," Kizito akasema. Akabandika tepu mpya mwenyewe.

Ndege ilipaa. Upepo kutoka upande wa Elgon uliipiga ubavuni, mkia ukatikisika kidogo, kisha ikanyooka. Ilipita juu ya mahindi, ikageuka, ikarudi imenyooka vile vile. Khisa alipiga makofi. Jotham alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Kizito alikuwa amesimama kando yake. "Ile siku ilipoanguka mara ya pili," alisema kwa sauti ya chini, "ulijua swichi imegeuzwa kabla hujairusha?"

"Nilijua."

"Na hukuniuliza."

Jotham aliinua macho kuitazama ndege.

"Mimi nilishuku barabara," Kizito akasema. "Kushuku mtu hakukunijia hata akilini." Akatoa ringi ya tepu mfukoni, akaiweka juu ya sanduku la vifaa. "Kesho utaihitaji."

Akaanza kuondoka kuelekea stejini, yanakosimama magari ya Bungoma.

"Kizito!" Jotham aliita. "Mukoki, ngoja! Nimekosa!" Lakini injini ilikuwa ikipita juu yao, na sauti yake ikamezwa. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka kumfuata. Akaurudisha, maana ndege ilikuwa juu bado, na rimoti mikononi mwake. Akiiachilia, inaanguka mara ya tatu.

Basi akasimama pale akiiongoza, macho yakienda angani na kurudi kwenye shati la Kizito lililokuwa likizidi kuwa dogo. Hakuthubutu kuharakisha kutua. Magurudumu yalipogusa nyasi, aliitupa rimoti kwa Khisa akakimbia hadi barabarani, lakini gari la Bungoma lilikuwa limeshaondoka naye.